Diski za Ordinateri na Vitabu vya Parokia

Siku hizi katika parokia nyingi za Kivu mna ordinateri, ndiyo mashini ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita kompyuta. Karani wa parokia anaandika ndani yake majina ya wabatizwa, hesabu za feza, barua za Padri na orodha za mashirika. Katika seminari wanafunzi wanachunga humo masomo yao na kazi zao za mwisho. Hata katekista wa kijijini ana telefoni mfukoni yenye picha za vyeti. Watu wengi wanafikiri ya kuwa neno likiisha kuingia katika mashini limeokoka, wala haliwezi kupotea tena. Wengine wanazidi kusema: «Vitabu vya karatasi vinatujazia makabati bure. Tuvipige picha, tuviweke katika mashini, kiisha tupumzike.»

Je, ni kweli? Mashini hiyo inaandika wapi maneno yetu, nayo yatakaa humo miaka mingapi? Wenye maarifa wanatengeneza vyombo gani kwa siku zijazo? Nasi wa Bukavu, pamoja na umeme wetu, mvua yetu na taabu zetu, tufanye nini? Tunapenda kujibu maswali hayo kwa utaratibu.

1. Kwa nini jambo hili latuhusu

Desturi ya kuandika vitabu vya parokia ni ya zamani. Mtaguso wa Trento, mwaka wa 1563, uliagiza kila paroko awe na kitabu cha ndoa na kitabu cha ubatizo. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kanuni ya 535, yataka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, tena viandikwe vizuri na kulindwa kwa uangalifu. Kanuni hiyo hiyo yasema ya kuwa vitabu vya kale pia sharti vilindwe. Pembeni ya jina la mbatizwa huandikwa kipaimara chake, ndoa yake, upadri wake au nadhiri zake za daima. Basi kitabu cha ubatizo ni kama njia ya maisha ya mkristu katika Kanisa. Kikipotea, tutajuaje kama mtu anayeomba ndoa yuko huru?

Katika inchi yetu kuna sababu nyingine tena. Hesabu kubwa ya watu wa Kongo ilifanyika mara ya mwisho mwaka wa 1984. Watoto wengi wamezaliwa bila kuandikwa katika ofisi ya Serikali. Vita vimewafukuza watu kutoka Kalehe, Walungu, Mwenga na Fizi, wakaacha nyumba na makaratasi yote. Kwa mtu wa namna hii, mstari mmoja katika kitabu cha parokia waweza kuwa maandiko pekee yanayotaja jina lake, siku ya kuzaliwa kwake, na majina ya baba na mama yake. Mstari ule si mali ya Padri wala ya karani. Ni mali ya mtu mwenyewe, sisi tumewekewa tu.

2. Diski ngumu ni kitu gani?

Ordinateri ina kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza inafanya kazi wakati umeme upo; umeme ukikatika, inasahau yote. Ya pili inashika maneno hata mashini ikiwa imezimwa. Kwa miaka mingi hiyo ya pili imekuwa diski ngumu.

Diski ngumu ni kisanduku cha chuma kilichofungwa sana. Ndani yake mna sahani, moja au zaidi, zinazong'aa kama kioo. Juu ya kila sahani wamepaka ngozi nyembamba sana ya madini yanayoshika sumaku. Sahani inazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu yake unapita mkono mdogo wenye kichwa cha kuandika na kusoma. Kichwa kinageuza sumaku ya vipande vidogo sana, kimoja huku, kimoja huku. Upande mmoja ni 0, upande wa pili ni 1. Kwa hesabu hizo mbili peke yake yanaandikwa majina yetu, picha zetu na nyimbo zetu.

Kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo hata unywele wa mtu unaipita kwa unene zaidi ya mara elfu kumi. Ndiyo sababu ordinateri ikianguka inapofanya kazi, au vumbi likiingia ndani, kichwa kinakwaruza sahani, na maandiko yanakufa papo hapo.

Diski ngumu ya kwanza ilionyeshwa Marekani na kampani ya IBM mwaka wa 1956. Mashini yake iliitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa sentimeta 61, na uzito wa mashini ulikuwa karibu tani moja. Yote hayo yalichunga herufi milioni 5, yaani kadiri ya Biblia moja na ziada kidogo. Leo kuna diski inayoshikika kwa mkono mmoja yenye tera 30. Tera moja ni giga elfu moja. Basi kile kisanduku kinachunga maandiko mara milioni 6 kuliko RAMAC. Maendeleo hayo yametoka katika kazi ya wengi. Kati yao ni Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, waliovumbua mwaka wa 1988 namna ya kusikia sumaku hafifu sana. Walipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 2007.

Lakini tulinganishe. Kitabu cha ubatizo cha mwaka wa 1956, kama mchwa na maji hayakukifikia, kinasomwa leo na kila mtu anayejua kusoma. Sahani za RAMAC za mwaka ule zinahitaji mashini yake na mafundi wake, ambao hawaonekani tena ila katika nyumba za makumbusho. Diski imekua kwa nafasi mara milioni nyingi. Kwa miaka ya kuishi haikukua hivyo.

3. Flashi na ndugu zake

Chombo cha pili ni kile tunachokiita flashi. Mjapani Fujio Masuoka, aliyefanya kazi katika kampani ya Toshiba, ndiye aliyeleta wazo hilo katika miaka ya 1980. Ndani ya flashi hakuna kinachozunguka. Mna vyumba vidogo vingi sana, na katika kila chumba wanafungia vipunje vya umeme. Chumba kilichojaa na chumba kitupu, ndiyo 0 na 1 tena. Telefoni zetu zinatumia chombo hicho. Ordinateri nyingi za kisasa nazo zina diski ya namna hiyo, inayoitwa SSD.

Faida yake ni kubwa: ni nyepesi, ina mbio, haiogopi sana kuanguka, yala umeme kidogo. Lakini ina udhaifu wake. Kuta za vyumba vile zinachakaa kila mara tunapoandika upya. Tena flashi ikikaa kabatini miaka mingi bila kupata umeme, vipunje vinavuja polepole, na joto linazidisha kuvuja. Kwa hiyo flashi ni mjumbe mzuri wa kubeba maandiko toka Kadutu mpaka Ibanda. Kuikabidhi peke yake maandiko ya miaka 50 ni kosa kubwa.

Vyombo hivi vyatuhusu watu wa Kivu kwa njia nyingine pia. Katika vifaa vidogo vya umeme vya ordinateri na telefoni mnatumiwa tantali, inayotoka katika jiwe la koltani. Na bati la kuunganisha vifaa hivyo hutoka katika kasiteriti. Mawe hayo yote mawili yanachimbwa katika milima yetu, kwa mfano huko Numbi na Nyabibwe, katika Kalehe. Mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula, vijana wengi wakaacha shule na mashamba wakafuata mashimo, na watu wa bunduki wakafuata feza. Basi chombo kinachorudi kwetu dukani kimekwisha kulipiwa kwa jasho, na mara nyingine kwa damu, ya watu wa vilima hivi. Tusikitumie ovyo.

4. Maandiko yanakufa kwa njia zipi?

Kwanza, chombo chenyewe kinakufa. Kampani moja ya Marekani, Backblaze, yenye diski zaidi ya 200,000 katika nyumba zenye hewa safi na umeme usiokatika, hutangaza kila mwaka hesabu ya zilizokufa. Ni karibu 1 au 2 kwa kila 100 kwa mwaka. Hesabu hiyo yaonekana ndogo. Lakini ile 1 inayokufa ikiwa ni ya parokia yako, nawe huna nyingine, umepoteza yote.

Pili, umeme. Bukavu inategemea kwa sehemu kubwa mashini za mto Ruzizi. Kituo cha kwanza kilianza mwisho wa miaka ya 1950, cha pili mwaka wa 1989. Mji umekua sana tangu siku zile, nao umeme hautoshi. Unakatika, unarudi kwa nguvu nyingi, unakatika tena. Diski inayokatiwa umeme inapoandika yaweza kuacha neno nusu. Umeme unaporudi kwa kishindo, waweza kuunguza mashini nzima.

Tatu, mwizi na vita. Mwizi akiingia ofisini hatazami kitabu cha ubatizo, maana hakina bei sokoni. Ordinateri ina bei. Kwa upande huo karatasi ina ulinzi ambao mashini haina.

Nne, virusi, yaani programu mbaya inayopita toka flashi hata flashi. Nyingine zinaficha maandiko, nyingine zinayafunga kwa ufunguo ambao mwenyewe hana.

Tano, lugha ya mashini inasahauliwa. Diski yaweza kuwa nzima kabisa, lakini programu iliyoandika maneno ikiwa haitengenezwi tena, maneno hayafunguki. Wengi wanakumbuka disketi za miaka ya 1990. Leo ni ordinateri gani yenye mlango wa disketi?

Sita, na hiyo ndiyo inayoumiza zaidi, mtu mmoja anashika yote. Karani ameweka maandiko ya parokia katika ordinateri yake mwenyewe, neno la siri analijua yeye tu. Siku moja anapata kazi mahali pengine, au anakufa. Hapo mashini ni nzima, diski ni nzima, lakini parokia imebaki mikono mitupu.

5. Siku zijazo zinaleta nini?

Wengine walitabiri ya kuwa diski ngumu itakufa upesi, flashi irithi yote. Haikuwa hivyo. Katika ordinateri za mezani na za mkononi flashi imekwisha kushinda. Lakini katika nyumba kubwa zinazochunga maandiko ya dunia, diski ngumu ingali inafanya kazi nyingi, kwa sababu kwa nafasi ile ile bei yake ni ndogo. Kampani zinazoitengeneza zimebaki tatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba.

Mafundi wa Seagate wametafuta miaka mingi njia ya kubana maandiko zaidi. Vipande vya sumaku vikiwa vidogo mno, joto la kawaida linavigeuza vyenyewe, na maandiko yanafutika. Kwa hiyo wakachagua madini magumu yasiyogeuka kwa urahisi. Lakini sasa kichwa nacho hakikuweza kuyageuza! Dawa yake ni mwanga wa leza: unachoma kipande kimoja kwa muda mfupi usiofikirika, hata joto linapita digrii 400, kichwa kinaandika, kipande kinapoa na kushika neno lake. Diski za namna hiyo, zenye tera 30 na zaidi, zilianza kutoka mwaka wa 2024.

Kuna tena kanda ya sumaku, ndugu ya kanda za redio za zamani. Watu wengi wanadhani imekwisha kufa, kumbe makampani makubwa na nyumba za elimu zinaitumia sana. Kanda moja ya LTO ya namna ya 9 inachunga tera 18, na watengenezaji wanasema yaweza kukaa miaka 30 ikilindwa na joto na unyevu. Ikiwa rafuni haili umeme, wala virusi haiifikii. Ubaya wake ni mashini ya kuisoma, yenye bei kali kwa parokia moja. Kwa jimbo zima, au kwa majimbo kadhaa pamoja, jambo hilo lafaa kufikiriwa.

Mbali zaidi, kuna wanaoandika ndani ya kioo. Kampani ya Microsoft ilionyesha mwaka wa 2019 kipande cha kioo kigumu chenye sinema nzima, kilichoandikwa kwa leza. Kioo hicho hakiogopi maji, wala sumaku, wala kuchemshwa. Wengine wanaandika kwa ADN, ile mbegu ndogo inayochunga sura ya viumbe. Kwa hesabu yao gramu moja ingeweza kubeba maandiko ya diski maelfu. Kazi hizo ni za ajabu, lakini bado ni za nyumba za wataalamu. Kuandika ni polepole, bei ni ya juu mno, na kusoma kunahitaji mashini ambazo hazimo Bukavu wala Kinshasa. Hata kikija kioo cha kukaa miaka elfu, swali litabaki: nani atakuwa na mashini ya kukisoma, na nani atakumbuka maana ya alama zake?

Basi tukijumlisha yote twaona jambo moja. Siku zijazo zitatupa nafasi kubwa zaidi, pengine kwa bei ndogo zaidi. Lakini hakuna chombo, wala cha leo wala cha kesho, kitakachotuondolea kazi ya kunakili na kukabidhi.

6. Mifano miwili ya kutufundisha

Wanafunzi wa falsafa wanajua tofauti ya materia na forma. Karatasi, sahani na flashi ni kama materia. Maneno yaliyopangwa ndani yao ni kama forma. Tofauti na yale wanayoyasoma juu ya viumbe, forma hii yaweza kuhamishwa nzima toka materia moja mpaka nyingine, bila kupungua hata herufi moja. Mfano mzuri ni wa Padri Roberto Busa, Myesuiti wa Italia. Baada ya vita ya 1945 alitaka kupanga kila neno la maandiko ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Mwaka wa 1949 alimwendea Thomas Watson, mkubwa wa kampani ya IBM, akamwomba msaada wa mashini zake. Walianza na kadi za karatasi zilizotobolewa matundu. Maneno yalikuwa karibu milioni 11. Kutoka kadi yakahamishwa kwenye kanda za sumaku. Kati ya 1974 na 1980 yakachapwa katika vitabu 56. Kiisha yakawekwa katika CD-ROM, na mwaka wa 2005 yakafika katika intaneti. Padri Busa alikufa mwaka wa 2011. Materia yabadilika mara nne au tano, forma imebaki. Lakini tuangalie vizuri: haikubaki yenyewe. Kila mara walikuwapo watu waliofanya kazi ya kuihamisha kabla chombo cha zamani hakijafa. Kama wangengoja miaka 20 wakisema «kanda zetu ni salama», tungepata nini?

Mfano wa pili ni Maktaba ya Vatikano, yenye vitabu vya mkono karibu 80,000. Tangu miaka mingi wanavipiga picha. Mwaka wa 2014 walipatana na kampani ya Kijapani NTT DATA kwa vitabu 3,000 vya kwanza. Walipochagua namna ya kuandika picha hizo, hawakuchukua ya kampani moja. Walichukua ile ya wasomaji wa nyota, inayoitwa FITS. Kwa nini? Kwa sababu kanuni zake zote zimeandikwa wazi, hata mtu wa baadaye asiye na programu ya leo aweza kuelewa na kutengeneza ya kwake. Tena kitabu chenyewe cha ngozi hakikutupwa baada ya kupigwa picha.

7. Sheria ya zamani ilijua tayari

Pengine msomaji atasema: «Hayo ni mambo mapya, ya watu wa mashini.» Sivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1917, kanuni ya 470, iliamuru paroko kila mwisho wa mwaka apeleke kwa Askofu nakala halali ya vitabu vya parokia. Tangu wakati wa Kardinali Lavigerie Mapadri Weupe nao walikuwa na amri ya kuandika habari za misioni kila siku, na habari hizo zilitumwa kwa wakubwa wao huko Maison-Carrée, karibu na mji wa Alger. Wale wazee hawakujua diski, lakini walijua ya kuwa nyumba yaungua.

Nasi tunayo mifano ya kutosha. Mwezi wa kumi 1996 vita viliingia Bukavu, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 ya mwezi ule. Mwaka wa 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka katika mji wa Goma ukafunika hata kanisa kubwa la jimbo. Mwaka wa 2004 Bukavu iliporwa. Tarehe 3 Februari 2008 inchi ilitetemeka, majengo yakaanguka huku na ng'ambo ya Ruzizi. Mwezi wa pili wa 2025 M23 waliingia Bukavu, na maghala yakaporwa. Mambo kama hayo yakifika, ordinateri na flashi yake ya akiba zilizo katika meza moja zinakufa siku moja. Nakala mbili katika nyumba moja ni kama nakala moja.

8. Tufanye nini sasa?

Kwanza, tusiache kitabu cha karatasi. Kiandikwe kwa wino mzuri, kwa mkono unaosomeka, kiwekwe mahali pakavu. Mashini ni mtumishi wake, haikuwekwa kukifukuza.

Pili, vitabu vipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa. Nafasi haikosi. Tuchukue mfano wa kitabu chenye kurasa 300, kila picha ikiwa na mega 5: kitabu kizima ni giga 1 na nusu. Parokia yenye vitabu 60 inahitaji giga 90 tu, hata flashi moja ya giga 128 inatosha kuvibeba.

Tatu, nakala ziwe tatu, juu ya vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali. Kwa mfano moja parokiani katika diski ngumu, moja katika nyumba ya Askofu, moja nje ya mji kabisa. Wengine wataweka ya tatu katika intaneti, katika kile kinachoitwa «wingu». Yafaa, lakini tujue ya kuwa wingu si mbinguni. Ni diski za watu wengine, katika inchi nyingine, zinazolipiwa kila mwezi. Siku tusipolipa, zinafungwa.

Nne, tupime. Kila mwisho wa mwaka, siku zile zile ambazo sheria ya zamani ilitaka nakala ipelekwe, karani na Padri wafungue kila chombo, wasome kurasa kadhaa, walinganishe na kitabu. Juu ya diski waandike tarehe ya kununuliwa kwake. Ikifika miaka 5, maandiko yahamishwe katika mpya, hata kama ya zamani ingali nzima. Halmashauri ya parokia iweke feza ya kazi hiyo katika hesabu zake. Taa ya Sakramenti inahitaji mafuta kila wiki, wala hakuna anayelalamika ya kuwa iliwashwa mwaka jana. Diski nazo zihesabiwe vivyo hivyo.

Tano, maandiko yawekwe kwa namna inayofunguka mahali pote: picha za TIFF au JPEG, karatasi za PDF/A, majina katika maandiko yasiyo na mapambo. Tusitegemee programu ya fundi mmoja tu.

Sita, siri ilindwe. Majina ya watu si ya kutembezwa toka telefoni hata telefoni. Kanuni ya 487 yasema hifadhi ya jimbo ifungwe, na ufunguo washike Askofu na kansela peke yao. Sheria ya Serikali ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya mashini na intaneti nayo inalinda habari za mtu. Lakini neno la siri lisijulikane na mmoja tu. Liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, likabidhiwe nyumba ya Askofu. Na siku ya kukabidhiana parokia, pamoja na funguo za tabernakulo na hesabu za feza, diski na bahasha yake ziandikwe katika barua ya makabidhiano.

Saba, mashini isiunganishwe na umeme wa mji bila chombo cha kutuliza nguvu zake. Mvua ya radi ikianza, nyuzi ziondolewe ukutani.

Ndugu waseminari, ninyi mnaozoea mashini hizi kuliko wakubwa wenu, kazi hii inawangoja. Mkienda parokiani kwa likizo au kwa stage, ombeni ruhusa ya kutazama makabati ya vitabu, mhesabu vingapi vimepigwa picha, na nakala ziko wapi. Ninyi makatekista, mnaoandika majina ya kwanza huko vijijini, andikeni yote bila haraka, maana kosa lililoandikwa vibaya mashini italinakili aminifu. Na mapadri wetu waamue tarehe ya kupima, waiandike katika kalenda ya parokia ya mwaka huu.

Mtoto anayebatizwa leo Kadutu au Bagira atakuja kuomba cheti chake kwa ndoa karibu na mwaka wa 2050. Diski iliyo mezani sasa itakuwa imekwisha kufa zamani, na anayeandika jina lake leo pengine hatakuwapo. Akikuta jina lake, ni kwa sababu watu watano au sita, mmoja baada ya mwingine, walilihamisha kwa wakati wake. Sisi tuko kati ya watu hao.